Tepu Inayoanzia Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Fundi Saa amesema niandike ndoto mara tu ninapoamka, kabla sijashusha mguu chini. Daftari jipya sina, kwa hiyo naandikia nyuma ya daftari la vipimo, ambako mteja hafiki. Mbele kuna viuno na mabega ya watu. Huku nyuma nitakaa mimi.

Leo niliota, lakini nimesahau niliota nini. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeota nashona mfuko usiokuwa na nguo. Ndoto gani hiyo.

Niandike vizuri jambo lilivyoanza, maana naona naanzia katikati. Mimi na Fundi Saa tunagawana baraza moja. Yeye ana meza ya kioo iliyojaa saa zilizokufa, mimi nina cherehani mbili, na moja sasa haina mtu. Wiki iliyopita alikuwa ananisimulia kuwa mtu anaweza kuota huku anajua anaota, na akishajua, ndoto inakuwa yake, anafanya atakalo. Alisoma mahali, akajaribu miezi mitatu, akaweza. Anasema yeye ndotoni hupaa juu ya nyumba.

"Ukipaa unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi popote. Naangalia mabati ya watu yaliyooza."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu Januari. Kisha nikamwambia anifundishe. Aliniangalia, hakuuliza kwa nini, na nilimshukuru kwa hilo.

Sababu naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Januari, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, mke wangu alikuwa amepumzika chumbani nyuma ya duka. Alisema kifua kimembana kidogo. Kati ya duka na chumba kuna pazia tu. Akaniita: "Fundi, njoo kidogo." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani, kana kwamba yeye si fundi kunishinda. Nilikuwa kwenye kola ya shati. Nikamjibu: "Subiri nimalize kola hii." Kola ilichukua muda ambao kola huchukua. Nilipoingia alikuwa amekaa kitini, mkono mapajani, na hakuwa na la kuniambia tena.

Sijamwambia mtu kwamba aliniita. Nataka kumwona niwe naelewa nilipo, nimuulize alikuwa ananiitia nini. Sitaki kupaa.

Alhamisi, 7 Machi

Somo la kwanza la Fundi Saa: mchana kutwa ujiulize, je, naota? Lakini usijiulize kwa mdomo tu, upime. Anasema maandishi na namba hazitulii ndotoni. Soma namba, geuza uso, soma tena. Ikibadilika, unaota. Halafu uzibe pua kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi. Ukivuta na hewa ikaingia, umethibitisha. Yeye hutumia saa. "Wewe una tepu shingoni kutwa," akasema, "umebarikiwa."

Basi nasoma tepu, naangalia mvua, nasoma tena. Ishirini na tatu. Ishirini na tatu. Wateja wanadhani nahakikisha kipimo.

Binti yangu alikuja kusimama mlangoni jioni, akauliza kama nina nafasi kidogo. Nilikuwa naandika. Nikamwambia asubiri.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Sare za shule ishirini zimeagizwa. Sikuota.

Jumanne, 12 Machi

Somo la pili ni la saa. Unalala mapema, unaamka baada ya saa tano, unakaa macho kidogo ukiwaza ndoto tu, kisha unarudi kulala. Eti usingizi wa alfajiri ndio wenye ndoto ndefu. Fundi Saa amenipa saa ya mezani, ya kengele, iliyopakwa rangi ya kijani. Mtu huyu mwenyewe hajawahi kufika kazini kwa wakati hata siku moja.

Unaporudi kulala unarudia sentensi moja: nikiota, nitajua naota. Nimeirudia hadi ikapoteza maana. Nimeota niko sokoni nanunua vifungo na wala sikushuku chochote, ingawa muuzaji alikuwa mwalimu wangu wa darasa la pili, marehemu.

Jumatano, 13 Machi

Binti analalamika kuwa kengele inamwamsha. Nimeifungia ndani ya foronya.

Jumapili, 17 Machi

Leo hakuna shule, binti yuko nyumbani, anafagia hata mahali pasipo na vumbi. Niseme ukweli kuhusu mtoto huyu. Alirudi kuishi nami baada ya mazishi, nami nilishukuru. Lakini ana uso mkavu. Siku ya kumi tu alishakunja nguo za mama yake, akazitia kwenye mifuko, akazigawa. Sijamwona akitoa chozi. Anafundisha watoto wa darasa la kwanza, nadhani amezoea kusikia vilio hadi havimgusi. Tepu ya mama yake niliiokoa mikononi mwake, nikaitundika msumarini karibu na cherehani yake.

Tepu yenyewe ina hadithi. Kile kibati cha mwanzo kiling'oka zamani, ncha ikaanza kuchanika, mke wangu akaikata mpaka kwenye mbili. Tangu hapo ikawa inaanzia mbili, na yeye kila kipimo anatoa mbili kichwani. Nilimnunulia mpya mara tatu. Mara tatu akaniachia mimi. "Hii tumeshazoeana," alisema. Miaka kumi na moja hakukosea hata nguo moja.

Mchana binti aliniuliza, "Baba, una dakika mbili?" Nilikuwa najiandaa kulala. Fundi Saa anasema usingizi wa mchana nao unafaa. Nikamwambia jioni. Jioni akawa amelala yeye.

Jumanne, 19 Machi

Nimepatwa na jinamizi. Somo la tatu ni kulala chali, usijikune, usigeuke, uuache mwili ulale huku akili iko macho. Nikaanza vizuri. Miguu ikawa mizito, nikaona rangi zikipita. Kisha sikuweza kusogeza hata kidole, na kitu kikanikalia kifuani. Nikataka kupiga kelele, sauti haitoki. Nilijua siku hiyo, au nilidhani najua, yeye alivyojisikia pale kitini.

Nilipozinduka nililia mpaka foronya ikalowa. Fundi Saa akanipa pole, akasema jinamizi ni mlango, ningetulia ningepita. Sijui kama nina moyo wa kutulia hapo.

Jumamosi, 23 Machi

Karani wa mahakama ameleta kitambaa cha kijivu, kizuri, cha suti ya siku yake ya kuagwa kazini. Amefanya kazi miaka thelathini. Mvua haikatiki, pasi haimalizi unyevu.

Fundi Saa ameongeza neno: ukishajua unaota, harakisha kufanya jambo ambalo ukiwa macho huwezi kulifanya, ili ndoto ijue mwenyewe ni nani. Na ukiona inafifia, sugua viganja.

Jumanne, 26 Machi

Naandika kwa sababu sina la kufanya na mikono yangu.

Leo saa kumi alasiri karani alikuja kupimwa mkono upya, alikuwa hana uhakika na urefu. Nikampima kwa tepu yangu, inchi ishirini na tatu. Akakaa kwenye benchi kusubiri mvua ipungue. Nikatandaza kitambaa chake mezani, nikapima, nikapiga mstari wa chaki kwenye ishirini na tatu, nikaitundika tepu. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa namna ambayo sauti nyingine zote zilikufa. Usingizi wa vipande vipande wa wiki mbili ulikuwa umenikaa machoni. Nikafanya kama ninavyofanya kila saa: nikageuza uso, nikaangalia mvua, nikanyoosha mkono nikachukua tepu msumarini, nikasoma tena kwenye mstari uleule.

Ishirini na tano.

Sijui niandikeje furaha ile. Nikajiambia, nimefika, naota. Sikuziba pua. Nilikuwa nimefundishwa vipimo viwili na nikafanya kimoja, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikakumbuka lile neno: fanya jambo usiloweza ukiwa macho. Jambo ambalo mimi siwezi kulifanya nikiwa macho ni kukata kitambaa cha mtu pasipo na mstari. Nikatia mkasi katikati ya kijivu kile, nikaupitisha mpaka mwisho, moja kwa moja. Ulikwenda vizuri sana.

Karani akasimama. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini mvua ilimeza maneno. Nikampita. Nikafunua pazia, nikaingia chumbani, nikasimama mbele ya kiti. Kilikuwa kitupu. Nikajiambia ndoto bado inajipanga. Nikasugua viganja, nikasema kwa sauti, "Nimekuja. Kola nimeiacha. Nimekuja."

Nikangoja. Nikarudia. Nikasugua viganja mpaka vikawaka moto.

"Baba," binti akasema nyuma yangu. Alikuwa ametoka uani na beseni la nguo. Karani alikuwa nyuma yake, ameshika vipande viwili vya kitambaa chake, na hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ndipo nikaiangalia tepu iliyokuwa bado mkononi. Haikuwa yangu. Ilikuwa ile ya mke wangu, inayoanzia mbili. Binti alipofagia alikuwa ameihamishia kwenye msumari wangu.

Nilikaa kwenye kiti kile. Ilikuwa mara ya kwanza kukikalia tangu Januari. Binti akamsindikiza karani, nikasikia anaongea naye barazani kwa sauti ya chini, muda mrefu. Aliporudi aliniwekea chai pembeni, akasimama kana kwamba atasema kitu. Sikumwangalia. Nikasema nataka kulala.

Jumatano, 27 Machi

Binti amekwenda dukani kabla ya shule, akanunua kitambaa kilekile cha kijivu. Hakuniambia, nimekikuta mezani. Nimeona haya.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimekata suti ya karani upya. Nilipima mara nne, nikaziba pua kila mara. Fundi Saa aliniona nikiziba pua, hakutania. Alisema, "Fundi, tuache mambo haya. Mimi nilikuwa nacheza tu, sikujua wewe hukuwa unacheza." Nikamwambia aniachie saa yake mpaka mvua ziishe. Akaniachia, lakini shingo upande.

Jumamosi, 6 Aprili

Karani amechukua suti. Imemkaa. Alinishika mkono na kusema mama yao alipokufa, baba yake naye alikuwa akimwita miaka miwili mizima.

Binti amepewa uhamisho. Barua imefika leo, anaondoka mwisho wa mwezi. Aliniambia akiwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Kisha akaniambia, "Kuna kitu nataka kukuuliza kabla sijaenda." Nikamjibu tuna wiki tatu nzima, kuna haraka gani.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwona.

Niandike polepole. Baada ya chakula cha mchana mvua ilishuka nzito, nikalala kwenye mkeka barazani, nyuma ya meza. Sikuwa nimetega kengele. Nilikuwa nimechoka, na hata ile sentensi sikuirudia. Nikajikuta niko kwenye cherehani, nashona kola. Nikaangalia tepu kwa mazoea: kumi na saba. Nikaangalia nje. Nikarudi: arobaini na kitu, na kile kitu hakikuwa namba yoyote ninayoijua. Safari hii niliziba pua. Nikavuta pumzi, hewa ikaingia kwa raha kana kwamba sina vidole.

Nikajua. Kila kitu kikang'aa. Niliweza kuhesabu nyuzi za kitambaa. Sikukata chochote. Nikasimama, nikasugua viganja, nikafunua pazia.

Alikuwa amekaa kitini, anatia kifungo kwenye blauzi yake ya bluu, ile ambayo binti aliigawa. Miwani imemshuka puani. Nikaona hata alama ya mpira wa soksi mguuni pake. Nilikuwa najua kuwa naota na najua kuwa amekufa, na bado nilifurahi.

Nikasema, "Mke wangu, nimekuja. Ulikuwa unaniitia nini?"

Hakuinua uso. Akasema, "Subiri nimalize."

Nikasubiri. Akapitisha sindano, akavuta uzi, akapitisha. Nikauliza tena. Akasema tena, "Subiri nimalize," na safari hii niliisikia vizuri: ilikuwa sauti yangu. Mdomo ni wake, sauti ni yangu, ile ile ya siku ile, sauti ya mtu mwenye pini kati ya midomo. Nikapiga magoti, nikamshika mkono. Ulikuwa wa vuguvugu. Nikasugua viganja vyangu juu ya chake ili ndoto isiondoke. Kifungo kilikuwa hakiishi. Nilimwambia samahani, nadhani nilimwambia mara nyingi. Blauzi ikaanza kupauka, halafu kiti, halafu nikasikia mvua ya kweli.

Nimekaa hapa tangu wakati huo nikifikiri. Sikudanganywa. Kila kilichokuwa mle ndani nilikitia mimi: blauzi, miwani, alama ya soksi. Nisichokijua mimi, yeye wa mle ndani atakijulia wapi? Ningejifunza kuota hata miaka kumi, ningekuta hayo hayo niliyonayo. Alichotaka kuniambia kimekwenda naye, na hakirudi kwa mlango wowote.

Nimemrudishia Fundi Saa kengele yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitikisa, akasema inachelewa dakika nne. Kisha akakaa na mimi mpaka giza.

Jumatatu, 15 Aprili

Binti alirudi shuleni amelowa. Nilikuwa kwenye suruali ya mtu, katikati ya mshono. Akasema, kwa sauti ambayo ilikuwa imeshakata tamaa kabla ya kuuliza, "Baba, una nafasi?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia asubiri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na ndipo nilipolisikia. Jana nililisikia kutoka upande wa pili na sikulipenda.

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Nikasema, "Ninayo. Kaa."

Hakukaa. Alitoa simu yake, akaisogeza mbele yangu. Kwenye orodha ya simu zilizoingia kulikuwa na siku ile ya Januari, na jina la mama yake, mara mbili. Saa mbili na dakika arobaini. Saa mbili na dakika hamsini na moja.

"Nilikuwa darasani," akasema. "Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena, nikamwandikia nitakupigia mama. Nilikuwa nafundisha watoto kuhesabu mpaka kumi, baba. Hakuna kitu kwenye somo lile kisichoweza kungoja."

Nikamsogezea simu yake.

"Tangu Machi nataka kukuuliza. Wewe ulikuwa naye. Alikuwa anataka kuniambia nini? Lazima alikwambia wewe."

Zaidi ya mwezi mtoto huyu amekuwa akinizunguka na swali langu mwenyewe mkononi, akidhani jibu ninalo. Nami nilimwona ana uso mkavu. Nilimwita moyoni jiwe. Aligawa nguo zile kwa kuwa hakuweza kuzitazama, na mimi nikamwandikia humu maneno ambayo sasa ningeyafuta kama wino ungekubali.

Nikamwambia. Kola, pazia, "subiri nimalize," kiti. Nikamwambia na habari za ndoto, zote, hadi kifungo. Sikuwahi kuyasema kwa mdomo, na yalitoka moja moja yakiniumiza. Alisikiliza amesimama. Nilipofika mwisho akauliza, kwa sauti ndogo ya miaka ile alipokuwa akiogopa radi, "Kwa hiyo hata wewe hujui?"

"Sijui, mwanangu."

Ndipo akalia. Alilia amekaa kwenye cherehani ya mama yake, kichwa juu ya meza ya mashine, na mimi nilimshika bega, nami nikalia. Mteja mmoja alichungulia, Fundi Saa akamgeuza njiani, akamwambia fundi ana kazi.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua zimepungua. Tumekula barazani. Binti ananicheka ninavyoziba pua bila kujua.

Jumapili, 28 Aprili

Ameondoka leo saa nne.

Asubuhi nilimpa tepu ya mama yake. Nikamwambia, "Kumbuka inaanzia mbili." Akasema, "Najua, baba, aliniadhibu kwayo utoto mzima, nilihisi kila inchi." Akaizungusha kidoleni, akaitia kwenye mfuko wa koti, si kwenye sanduku.

Kisha nikaketi kazini, kwa kuwa sikujua nikae wapi pengine. Nilikuwa na shati la mtu, nimefika kwenye kola, sindano imezama kwenye kona ya kwanza. Akaita kutoka chumbani, nyuma ya pazia: "Baba, njoo kidogo."

Niliiacha sindano palepale kwenye kitambaa, nikaenda.

Alikuwa amepiga magoti juu ya sanduku. Alitaka nimbanie mfuniko afunge zipu. Ni hilo tu. Nikabana kwa mikono yote miwili, naye akavuta zipu mpaka mwisho, akanishukuru, akainuka kutafuta viatu vyake.

Kola nimeimalizia jioni.